Ile Pesa Tuma kwa Hii Namba

"Ile pesa tuma kwa hii namba. Ile ingine iko na shida."

Maneno 11. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna kiasi. Kama una laini ya simu Kenya, umeshaipata, pengine zaidi ya mara moja. Uliisoma ukiwa kwa matatu, ukacheka, ukaipiga skrinishoti na kuiweka kwa status ukiuliza kama hawa watu wa Kamiti hulala saa ngapi. Mimi pia nilikuwa nacheka. Halafu mwaka jana nikaiona kwa simu ya anti yangu, na chini yake kulikuwa na jibu la neno moja: "Nimetuma."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma hii meseji vile tulifunzwa kusoma shairi, neno kwa neno, nikiuliza kila moja linafanya kazi gani pale lilipo. Na nimefikia uamuzi ambao najua hautampendeza kila mtu: hii ni kazi nzuri ya lugha. Ni ya wizi, na aliyeituma anafaa kusimama kizimbani, lakini ubaya wa mwandishi haujawahi kuiharibu sentensi. Nadhani inasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote tuliyotahiniwa nayo shuleni, na bado haina mhakiki. Tunaiweka kapu moja na kelele za makanga, safari inaendelea.

Tuanze na neno la kwanza, kwa sababu karibu wizi wote umo humo.

Kwa sarufi ya darasani, "hii" ni ya kitu kilicho karibu na "ile" ni ya kitu kilicho mbali. Lakini mtu aliyelelewa ndani ya Kiswahili anajua "ile" ina kazi ya pili, ambayo mwalimu hakuiandika ubaoni. Huonyesha kitu ambacho mimi na wewe tunakijua bila haja ya kukitaja. Yale maneno tuliongea. Yule mtu. Mama akiwa jikoni akisema "niletee ile kitu", nyumba nzima inaamka kuitafuta, na ajabu ni kwamba inapatikana. "Ile" ni neno la watu wa nyumba moja. Kwa hivyo tapeli hajasema uongo kuhusu pesa. Hajui kama kuna pesa. Ameacha shimo lenye umbo la pesa, na wewe ndiye unayelijaza kwa ile uliyo nayo akilini: kodi ya tarehe 5, karo, deni la fundi, mchango wa mazishi.

Kisha "ile ingine". Hapo anakuambia, bila kukuambia, kwamba mnajuana, kwamba kuna namba yake nyingine ambayo tayari unayo. Na "iko na shida" ndiyo inayonifanya nivue kofia. Angeandika "ina hitilafu" ungeshtuka mara moja, kwa maana nani kati ya watu wako huongea hivyo? "Iko na shida" ni Kiswahili chetu cha kwa ngazi na kwa stage, kile ambacho mitihani ilikikata kwa wino mwekundu. Kiswahili sanifu kingemwangusha huyu mwizi. Alikikwepa kwa makusudi au kwa sababu hakijui, sijali. Sikio lake liko sawa.

Zaidi ya hapo ni hesabu tu. Meseji hiyo hiyo inarushwa kwa namba nyingi, na mwandishi hahitaji wote waamini. Anahitaji mmoja, asubuhi moja, ambaye kwa bahati mbaya ana "ile pesa" mkononi.

Asubuhi ya anti yangu ilikuwa Alhamisi. Anauza vitunguu na nyanya Kongowea, Mombasa, na yeye ndiye mweka hazina wa chama chao. Wako wanawake 12, kila mmoja anatoa shilingi 1,500 kwa wiki, na kila wiki mmoja anabeba zote 18,000. Zamu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza mayai, ambaye siku mbili nyuma alikuwa amelalamika sokoni kwamba simu yake inazimika ovyo. Unaona sasa. Meseji ilipoingia, anti hakusoma maneno ya mtu asiyemjua. Alisoma mwendelezo wa mazungumzo. Akaingiza namba, akaingiza kiasi, jina likatokea: la mwanamke, na la kwanza lilikuwa sawa kabisa na la binti ya yule mama wa mayai. Akasema moyoni, ah, anatumia laini ya msichana wake. Akabonyeza. Kisha, kwa heshima, akajibu kwamba ametuma.

Mama wa mayai alimpigia saa nne kuuliza pesa iko wapi.

Anti alimwambia kuna shida ya mtandao, akakopa kwa mtu wa tatu, akamlipa kabla jua halijatua. Hakuna mwanachama aliyejua. Deni lile alilimaliza kwa miezi saba, akitembea kwa miguu kutoka sokoni hadi nyumbani ili nauli ya jioni ibaki. Binamu zangu hawakujua. Mimi nilijua kwa sababu alinipa simu yake ya zamani nimhamishie picha kwa mpya, na nikaenda mbali kuliko picha. Sikuombwa kusoma meseji zake. Nilizisoma.

Hapa inanibidi nigeuke kidogo nizungumze kuhusu neno "mdukuzi". Siku hizi ni mtu anayevunja na kuingia kwa kompyuta za wenyewe, na tukilisikia tunaona sinema: kijana mwenye hudi, chumba chenye giza, herufi za kijani zikimwagika kwa kioo. Lakini neno lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Mdukuzi alikuwa mtu wa kutega sikio, anayesimama nje ya dirisha asikie ya watu kisha ayapeleke kwingine. Waliolichukua na kulipa kazi mpya walifanya vizuri kuliko walivyodhani, maana udukuzi mwingi wa huku kwetu hauna msimbo hata mstari mmoja. Ni sikio tu. Na kwa maana hiyo ya zamani, jioni ile sebuleni kwa anti, mdukuzi nilikuwa mimi. Nilipomuuliza kuhusu ile meseji, hakukasirishwa na tapeli. Alikasirishwa na mimi.

Nimesema si zote ni nzuri. Kuna ile ya promosheni, "umeshinda 150,000, piga namba hii", ambayo ni kazi mbovu na imechoka, kwa sababu inamtaka msomaji aamini bahati, na mtu wa Nairobi haamini bahati hata akiiona imekaa kwa kiti cha mbele. Kuna za waganga, ndefu kama katiba, zinazotibu mapenzi, biashara, kesi ya shamba na nguvu za kiume kwa pumzi moja. Zinanichekesha lakini hazina msomaji maalum. Tofauti yao na "ile pesa" ni kubwa. Hizi zinakupa kitu, kwa hivyo zinamvua mwenye tamaa. "Ile pesa" haikupi chochote. Inakuomba ulipe unachodaiwa. Inamvua mtu anayelipa madeni yake kwa wakati. Tukisema, kama tunavyopenda kusema, kwamba anayetapeliwa ni mlafi au mjinga, tunakuwa hatujasoma matini vizuri.

Ya kutuma kwa makosa nayo inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila ina sehemu mbili. Kwanza inaingia meseji inayoiga risiti ya M-Pesa, kwa Kiingereza kikavu, herufi na tarakimu mwanzoni, jina, kiasi, saa. Ukiwa bado unaitazama, simu inalia. Sasa ni Kiswahili, na kina machozi. Boss wangu, nimetuma kwako kwa makosa, mtoto yuko hosi, nirudishie tafadhali, toa hata ya soda. Kiingereza kimeletwa kubeba pesa, Kiswahili kimeletwa kubeba huruma. Huyu tapeli amezisoma hizi lugha zetu mbili na vyeo tulivyozipa. Na hiyo ofa ya soda, manze, ni ya fundi kabisa. Mtu anayekuruhusu ubaki na kidogo anaonekana mkweli.

Kiufundi, risiti ile huwa na kasoro. Imetoka kwa namba ya kawaida badala ya jina la huduma, na salio lako halijasogea. Lakini nani anakagua salio wakati mtu analia?

Aina ya tatu si meseji tena, ni mchezo wa kuigiza. Anapiga mtu mwenye sauti ya ofisi, nyuma yake kuna sauti za watu wengine kama walio kazini, na anakuita kwa majina yako matatu. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba anayejua jina letu kamili ni serikali, benki au mama mkali. Lakini majina matatu ni kitu rahisi kupata. Njia ya kale ni mtu kuanza kukutumia shilingi 10, jina lako linatokea, anakatiza. Namba ya kitambulisho nayo iko getini. Fikiria kile kitabu cha wageni kwa mlango wa kila jengo la mjini: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unaenda kumwona nani, umefika saa ngapi. Unapoandika yako unasoma ya aliyekutangulia, huwezi kujizuia. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na askari wa getini bado anakupa bik iliyofungwa kwa uzi na kukuonyesha mstari wako chini ya mistari ya watu 20.

Akiwa na hayo, anachohitaji ni kitu kimoja au viwili zaidi, na mazungumzo yote yameandikwa ili wewe mwenyewe uvitaje huku ukidhani unajilinda. Kisha laini yako inahamishwa kwa kadi nyingine. Simu inabaki mkononi mwako bila mtandao kama jiwe, kwingine mtu anapokea meseji zako, pamoja na zile za kubadilisha namba ya siri. Kwa walio Safaricom kuna *100*100#, inayofunga laini isibadilishwe hadi ufike dukani mwenyewe na kitambulisho. Piga sasa, nitakungoja.

Umerudi? Sawa. Kuna matini za upande wa pili ambazo hazijawahi kuhakikiwa kabisa, nazo ni zile za kutuonya.

"Kamwe usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Iko kwa mabango, kwa meseji, kwa ukuta wa kila ejenti. Ni kweli, hakuna anayebisha. Ila anti yangu hakumpa mtu yeyote namba yake ya siri. Aliibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake, akiwa ameitii ile amri neno kwa neno. Onyo liliandikwa kwa wizi mmoja, akaibiwa kwa mwingine. Maonyo mengi yana tatizo hili: yanaongea kuhusu vitu, yaani nywila, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, huku tapeli akiongea kuhusu watu. Kiswahili chao kimenyooka na kimekufa. Hakuna mtu amewahi kuniuliza nywila. Watu huuliza paswadi, na wakiwa wapenzi huiuliza wakiwa wamenuna. Na yakishamaliza kuamuru, maonyo hukuacha na maana moja iliyojificha: ukiibiwa, tulikuambia. Hiyo ndiyo sentensi iliyomfanya anti anyamaze miezi saba.

Lugha hii pia inadhani kwamba siri ni kitu kila mtu anaweza kumudu. Nenda kwa ejenti yeyote siku ya pesa za wazee ukasimame kando. Utamwona nyanya amenyoosha simu juu ya kaunta, anataja tarakimu nne kwa sauti ili kijana ambonyezee, kwa sababu haoni vizuri au hasomi. Foleni nzima imesikia. Usiri wake uko mikononi mwa tabia njema za watu sita, na mara nyingi, niseme ukweli, tabia hizo zinashikilia.

Kwa upande wa maonyo kuna kazi moja tu ninayoiheshimu, na ni ya neno moja. M-Pesa ilianza Machi 2007, na miaka kadhaa baadaye ikaja hatua ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Waliiita Hakikisha. Kitenzi, amri, kimya. Ni shina moja na "uhakiki", kazi hii ninayofanya hapa, na sidhani ni bahati tu kwamba zote mbili zinakuomba jambo lile lile: simama, soma tena, uliza kama matini inasema unachodhani inasema. Lakini Hakikisha nayo ina mpaka. Ilimwonyesha anti jina, naye akalitungia hadithi. Hicho ndicho wasomaji hufanya na majina.

Sasa Kamiti. Sijui kama aliyemwibia anti yuko gerezani au Mulot, ule mji mdogo wa mpakani mwa Narok na Bomet ambao habari za polisi zimeufanya maarufu kwa wizi huu hadi watu wake wasio na hatia wanaona aibu kuutaja. Lakini mtaani tumeshaamua kwamba hizi meseji zote zinaandikwa Kamiti, na mimi utani huo unanigusa mahali pengine. Kamiti ina historia ya uandishi wa siri. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaenda wapi, akatunga ndani mashairi yaliyotoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, mengine yakiwa yameandikwa kwa karatasi ya msalani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ, kwa karatasi hiyo hiyo. Askari waliipokonya katika msako, kisha akarudishiwa.

Mashairi ya Abdilatif ni mafumbo. Mamba katika shairi si mamba. Anayefaa kuelewa anaelewa, askari anayesoma juu ya bega anaona mnyama. Ni ufundi uliokuwako Pwani zamani sana, tangu Muyaka bin Haji akijibizana na watu wa Lamu katika karne ya 19, na uko kwa leso za mama zetu pia, ambapo ujumbe umeandikwa herufi kubwa mgongoni na jirani mmoja tu ndiye anajua ni wake. Matini iko wazi, ufunguo hauko wazi. Watoto wa Pwani walicheza kinyume, silabi ya mwisho mbele, nyumba ikawa mbanyu. Nairobi ikageuza stori ikawa risto. Hatukungoja kompyuta ili tujue kuficha maneno hadharani.

Tapeli ameutumia ufundi huo huo kichwa chini. Fumbo la mshairi lina maana moja ambayo wachache wanaifikia. "Ile pesa" haina maana yoyote, na kila mtu anaifikia ya kwake.

Na dola? Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao tangu 2018, na ningependa kuwaambia kwamba imemlinda anti. Mwaka 2025 ilitumika kumshtaki mwanaprogramu kijana aliyeunda ukurasa wa kuwasaidia raia kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Baadaye mahakama iliyakataa mashtaka. Barua zile zilisema kinachopingwa, kwa nani, na kwa nini. Ni matini zisizo na "ile" hata moja, na ndizo zilizoitwa udukuzi.

Mwezi wa Disemba nilirudi Mombasa. Chama kimeshajua yote. Anti aliwaambia mwenyewe katika kikao, na wanawake wawili wakasema hapo hapo kwamba wao pia, mmoja kwa 4,000, mwingine hakutaja kiasi. Hawakwenda kwa semina yoyote. Walikaa kwa magunia yao ya vitunguu wakaunda mfumo. Sasa kabla ya pesa kutumwa, mweka hazina anampigia mwenye zamu, kwa namba ya siku zote, na anauliza swali fulani kama mtu anayetega kitendawili. Jibu si tarakimu. Ni neno, na linabadilika kila duru ikiisha. Asiyelijua hapati, hata kama sauti ni yake, hata kama analia, hata kama yuko hosi. Kuna mmoja aliwahi kulisahau, akangoja hadi Ijumaa walipoonana sokoni uso kwa uso.

Nilimwomba anti aniambie neno la duru hii, angalau nilitumie kumalizia makala. Alinitazama kwa muda. Kisha akasukuma kikombe mbele yangu, akaniambia chai inapoa.